SAFU YA LUGHA: Bamba si sahani

Juzi nimesoma makala kuhusu watu wanaopigwa picha kwa mbinu za karne ya 19. Mwandishi akasema sura ya mtu hutokea "juu ya sahani ya fedha". Hapana. Sahani, neno tulilolitoa Kiarabuni, ni chombo cha kulia. Najua wazee walisema pia sahani ya santuri, lakini ile ni ya mviringo. Kipande bapa na chembamba cha chuma au shaba ni bamba, kama lile la namba ya gari.

Louis Daguerre, ambaye mbinu yake ilitangazwa Paris mwaka 1839 na ikaitwa dagerotaipu kwa jina lake, alitumia bamba la shaba lenye utando wa fedha. Alilifukiza kwa mvuke wa aidini ili lishike mwanga. Baada ya kupiga picha akalifukiza tena, safari hii kwa zebaki, ndipo sura ikajitokeza. Kufukiza, ndiyo, kama tunavyofukiza nguo kwa udi. Mwandishi wetu aliandika "kusafisha", kitenzi cha filamu zinazooshwa kwa dawa katika chumba cha giza. Dagerotaipu haina filamu wala negativu. Kila moja ni ya pekee.

Tena si kila picha kuukuu ni dagerotaipu: zipo za kioo, zipo za bamba jembamba la chuma lililopakwa rangi nyeusi. Wahariri, sahani iacheni mezani. Hapa andikeni bamba.