Kizuizi Haramu: Kufuli Si Lazima

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama Tanzania, lakini kosa la madai la kumnyima mtu uhuru wa kuondoka bila idhini ya sheria bado lina majina mengi. Wapo wanaoliita "kifungo cha uongo", jina la ajabu, maana aliyefungiwa amefungiwa kweli. "Kifungo haramu" ni afadhali, ila kifungo kwa watu wengi ni jela. Mimi nachagua "kizuizi haramu".

Chukua utingo aliyelala gesti Tunduma akisubiri lori livuke kwenda Nakonde. Pesa zimemwishia. Mwenye gesti anamfungia chumbani mpaka ndugu zake watume hela kwa simu. Deni ni halali, kumfungia si halali. Mdai huenda mahakamani. Hata saa moja inatosha, na utingo halazimiki kuonyesha jeraha wala hasara. Kufuli nalo si lazima: mlinzi akiziba mlango na kumwambia "hutoki", naye akatii kwa hofu, kosa limetimia.

Lakini lazima awe amezuiwa pande zote. Yadi ikishikilia lori na dereva akawa huru kwenda zake, huo ni ugomvi wa mali. Katika shauri la Bird dhidi ya Jones, mwaka 1845, mahakama ya Uingereza ilisema aliyezuiwa kusonga mbele darajani, huku akiweza kurudi alikotoka, hakuwa kizuizini.

Kwa vyombo vya dola, Ibara ya 15 ya Katiba inalinda uhuru wa mtu. Kwa kawaida polisi wana saa 24 kumfikisha mtuhumiwa mahakamani. Wakuu wa mikoa na wilaya wana saa 48 chini ya sheria ya mwaka 1997, tena kwa masharti ambayo husahaulika mno. Ukamataji ulioanza vizuri unaweza kugeuka haramu muda ukipita bila sababu ya kisheria.

Aliye bado ndani, ndugu zake waombe Mahakama Kuu iamuru aletwe mbele yake. Aliyetoka adai fidia, ikiwemo ya kufedheheshwa, ndani ya miaka 3. Anayeishtaki Serikali hutoa kwanza notisi ya siku 90. Basi ukitoka, andika mara moja saa uliyozuiwa, saa uliyoachiwa na majina ya walioshuhudia.