Bawa la Sola Lililorudi Duniani

Mabawa ya kwanza ya sola ya darubini ya Hubble, yaliyotengenezwa Ulaya, yalifanya kazi angani kuanzia 1990 hadi Desemba 1993. Kila baada ya dakika 97 hivi yalipita kwenye baridi ya kivuli cha Dunia na kurudi juani. Yakawa yanapinda na kuitikisa darubini. Moja lilipinda vibaya, likaachiliwa angani. La pili lilirudishwa Duniani na chombo cha angani cha Endeavour.

Kwa kawaida wahandisi hupima uchakavu wa mabawa kama haya kwa mbali tu: mkondo wa umeme ukipungua polepole, seli za sola zinazeeka; ukishuka ghafla, huenda safu nzima ya seli imekatika. Bawa hili lililorudishwa liliwapa nafasi adimu mno: kuvikagua kwa macho vishimo vilivyochimbwa na vumbi la angani.