Mwandani au Mfanyakazi? Historia ya Kuridhika na Uchovu wa Kazi Miongoni mwa Wahudumu wa Wazee Majumbani Nchini Marekani

Utangulizi

Mwaka 1974 yalitokea nchini Marekani mambo mawili ambayo kwa kawaida husimuliwa katika vitabu tofauti. La kwanza, mwanasaikolojia Herbert Freudenberger alichapisha makala kuhusu hali aliyoishuhudia katika kliniki ya bure jijini New York, ambako yeye na wenzake walijitolea usiku baada ya kazi zao za mchana. Watu walioanza kwa ari kubwa walikuwa wakikauka ndani kwa ndani: walichoka kwa uchovu usiokwisha, hasira ziliwapanda upesi, na wagonjwa waliowajia kwa huruma wakageuka mzigo machoni pao. Hali hiyo aliipa jina linalotokana na kitu kilichoungua hadi kuisha. La pili, katika mwaka huohuo Bunge la Marekani liliirekebisha Sheria ya Viwango vya Haki vya Kazi ya mwaka 1938. Liliwapa wafanyakazi wa majumbani haki ya kima cha chini cha mshahara, lakini papo hapo likawatoa katika haki hiyo watu wanaokaa na wazee na wagonjwa wasiojiweza.

Makala haya yanadai kuwa mambo hayo mawili ni sehemu ya historia moja. Uchovu wa kazi ulipata jina, na baadaye kipimo, kupitia watu ambao tayari walitambuliwa kuwa wafanyakazi. Mhudumu wa mzee nyumbani hakuwa miongoni mwao kisheria. Zaidi ya hayo, kile ambacho watafiti wa leo hukiita kuridhika na kazi, yaani upendo wake kwa mzee anayemhudumia, ndicho kilichotumiwa kuonyesha kwamba anachokifanya si kazi. Mtafiti anayekwenda na hojaji yake kuuliza iwapo wahudumu hawa wanaridhika anaingia katika mjadala wenye umri wa miongo kadhaa, hata kama hana habari nao.

Huduma kabla ya jina

Sheria kuu za kazi na hifadhi ya jamii za miaka ya 1930 ziliwaacha nje wafanyakazi wa majumbani. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 1935 haikuwahesabu katika mafao ya uzeeni, wala sheria ya mwaka huohuo iliyolinda haki ya kuunda vyama vya wafanyakazi haikuwagusa. Wanahistoria wanabishana kuhusu sababu: wapo wanaosisitiza shinikizo la wanasiasa wa majimbo ya Kusini waliotaka watumishi weusi wabaki bila ulinzi, na wapo wanaoona kwamba ugumu wa kukusanya michango nyumba kwa nyumba ulitosha. Kuhusu matokeo hakuna ubishi mkubwa. Wanawake weusi, ambao wengi wao hawakuwa na ajira nyingine isipokuwa ya shambani au ya nyumba ya mtu, ndio walioachwa nje kwa wingi.

Katika miaka hiyohiyo serikali yenyewe iliajiri wanawake wasio na kazi, kupitia mpango wa ajira wa WPA, ikawapeleka katika nyumba za maskini waliokuwa wagonjwa au wazee ili wapike, wafue na kuwaogesha. Eileen Boris na Jennifer Klein, katika kitabu chao cha mwaka 2012 kuhusu historia ya kazi hii, wanauona mpango huo kuwa chimbuko la huduma ya nyumbani inayolipiwa na umma. Malengo yake yalikuwa mawili kwa mpigo: kupunguza wagonjwa wa muda mrefu hospitalini, na kuwatoa wanawake maskini katika orodha ya misaada. Mhudumu alihesabiwa kama mtu anayesaidiwa kabla ya kuhesabiwa kama mtu anayesaidia. Kasoro hiyo ya mwanzo iliendelea kuonekana baadaye, fedha za Medicaid zilipoanza kulipia huduma hizo baada ya 1965, na tena baada ya 1981 majimbo yaliporuhusiwa kuzitumia fedha hizo kuwahudumia nyumbani watu ambao vinginevyo wangepelekwa katika makao ya wazee.

Mwandani wa mwaka 1974

Marekebisho ya 1974 yalikuwa ushindi, na haifai kuyasimulia kama hila tupu. Wanawake walikuwa wameyapigania. Huko Atlanta, Dorothy Bolden, ambaye mwenyewe alikuwa mtumishi wa nyumbani, alianzisha mwaka 1968 umoja wa kitaifa wa wafanyakazi wa majumbani. Kwa mara ya kwanza mpishi na mfuaji wa nyumbani walitambuliwa na sheria ya taifa kuwa watu wanaostahili mshahara wenye kiwango.

Hata hivyo, sheria iliweka kando makundi mawili: walezi wa watoto wa mara mojamoja, na watu wanaotoa kile ambacho tutakiita hapa huduma ya uandani kwa wale ambao, kwa sababu ya umri au udhaifu, hawawezi kujitunza. Katika mjadala bungeni, picha iliyotolewa ilikuwa ya jirani anayekuja kukaa na baba au mama mzee wa mwenzake, si ya mtu anayeendesha maisha yake kwa kazi hiyo. Mwaka uliofuata Wizara ya Kazi ilitoa kanuni zilizopanua picha hiyo kupita kiasi: hata mhudumu aliyeajiriwa na kampuni, aliyepangiwa nyumba na saa na msimamizi, alihesabiwa kuwa mwandani. Kanuni hizo zilimruhusu kufanya shughuli za jumla za nyumba hadi asilimia 20 ya saa zake za wiki bila kupoteza hadhi hiyo. Kumlisha mzee, kumvisha na kumtandikia kitanda hakukuhesabiwa katika asilimia hizo, kwa kuwa hayo yalichukuliwa kuwa sehemu ya uandani wenyewe.

Msomaji wa Kiswahili hatashangazwa na fikra hiyo. Lugha yetu inatofautisha vizuri muuguzi, ambaye ana cheti na mshahara, na kuuguza, ambako ni wajibu wa binti, mkwe au shangazi na hakuna anayethubutu kukudai malipo. Tofauti hiyo ni ya heshima pale anayeuguza anapokuwa ndugu. Inapohamishiwa kwa mgeni aliyeajiriwa inakuwa njia ya kumnyima ujira. Wapo wazungumzaji wa Kiswahili, hasa kutoka Kenya, wanaofanya kazi hii Marekani leo, na nadhani wanaielewa tofauti hiyo kuliko mwandishi yeyote.

Kipimo na asiyepimwa

Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson walichapisha hojaji ambayo imebaki kuwa kipimo kinachotumika zaidi katika utafiti wa uchovu wa kazi. Ina kauli 22 zinazogusa mambo matatu: kuchoka kihisia, kumwona mhudumiwa kama kitu badala ya mtu, na kupungukiwa na hisia kwamba kazi yako ina mafanikio. Miongoni mwa waliojibu wakati wa kuitengeneza walikuwemo wauguzi, walimu, polisi, madaktari, mawakili na maafisa wa ustawi wa jamii.

Watu hao wote wana kitu ambacho mhudumu wa nyumbani hana. Wana mlango wa kutokea, zamu inayokwisha, na mwenzao wa kumlalamikia kwenye korido. Wana pia umbali wa kitaaluma, na hatari wanayoikabili ni umbali huo kugeuka ubaridi. Ndiyo maana kipengele cha pili kinapima ubaridi. Kwa mhudumu aliye peke yake na mzee mmoja kwa miaka mitano, hatari inaweza kuwa ya upande wa pili kabisa. Anaitwa binti. Anapigiwa simu Jumapili, anakwenda bila malipo kwa sababu hakuna mwingine, na mzee akifa anafiwa na kupoteza kipato siku hiyohiyo. Mtu huyu anaweza kupata alama ndogo katika ubaridi na kubwa katika mafanikio, na jedwali likasoma kwamba hali yake ni njema. Silaumu waliotunga kipimo, kwani walikitunga kwa watu waliokuwa mbele yao. Lakini kukihamisha bila kuuliza kilitoka wapi ni kosa la mtafiti anayekihamisha.

Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wa magonjwa uliopitishwa mwaka 2019, lilieleza uchovu huu kuwa jambo linalotokana na msongo wa muda mrefu mahali pa kazi ambao haukudhibitiwa, na likasisitiza kwamba si ugonjwa. Ni ufafanuzi wenye busara, ila unachukulia kwamba mahali pa kazi panajulikana. Kwa miaka arobaini na zaidi, swali lililobishaniwa Marekani lilikuwa iwapo chumba cha kulala cha mzee ni mahali pa kazi.

Mwajiri ni nani?

Huko Los Angeles swali hilo lilichukua sura nyingine. Mpango wa jimbo la California ulilipia huduma za nyumbani, wilaya iliusimamia, na mzee au mlemavu ndiye aliyemchagua na kumwachisha mhudumu. Wahudumu walipoanza kuunda chama mwaka 1987, walijikuta hawana wa kujadiliana naye, na mahakama ikaamua kwamba wilaya si mwajiri wao. Ilibidi sheria ya 1992 iruhusu kuundwa kwa mamlaka za umma ambazo zingesimama mahali pa mwajiri. Februari 1999 kura ilipigwa iliyowaingiza wahudumu wapatao 74,000 katika chama, ushindi uliohesabiwa kuwa miongoni mwa mikubwa zaidi kwa vyama vya wafanyakazi nchini humo tangu miaka ya 1930. Jambo la kuzingatia ni kwamba wengi wao walikuwa wakimhudumia ndugu yao wa damu, kwani mpango uliruhusu hivyo. Walimpenda mama, na walidai nyongeza ya mshahara. Hawakuona mgongano kati ya mambo hayo mawili.

Evelyn Coke hakuwa na chama cha aina hiyo. Alikuwa mhamiaji kutoka Jamaika aliyehudumia wazee na wagonjwa majumbani katika jimbo la New York kwa takriban miaka ishirini, mara nyingine zamu za saa 24, bila malipo ya ziada kwa saa zilizozidi 40 kwa wiki. Mwaka 2002 aliishtaki kampuni iliyomwajiri. Tarehe 11 Juni 2007 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu waliamua dhidi yake, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Stephen Breyer. Mahakama haikuulizwa kama Coke alichoka wala kama alitendewa haki. Iliulizwa iwapo Wizara ya Kazi ilikuwa na mamlaka ya kumwita mwandani mtu aliyeajiriwa na kampuni, nayo ikajibu kwamba ilikuwa nayo. Coke alifariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 74.

Kwa kuwa hukumu ilisimama juu ya mamlaka ya Wizara, Wizara yenyewe ndiyo iliyoweza kubadili mambo. Septemba 2013 ilitoa kanuni mpya: mhudumu aliyeajiriwa na kampuni hawezi tena kuitwa mwandani kwa ajili ya kunyimwa mshahara wa kima cha chini na malipo ya saa za ziada. Wahudumu karibu milioni mbili waliguswa. Vyama vya kampuni za huduma vilikwenda mahakamani, vikashinda katika ngazi ya kwanza na kushindwa katika rufaa Agosti 2015, na kanuni ikaanza kutumika Oktoba mwaka huo. Haikuleta neema tupu. Baadhi ya majimbo na kampuni ziliona ni nafuu kuweka ukomo wa saa kuliko kulipa nyongeza, na mhudumu aliyezoea saa 60 kwa mzee mmoja akalazimika kutafuta mzee wa pili upande mwingine wa jiji. Anayetaka kupima uchovu baada ya 2015 hana budi kuhesabu na safari hizo za basi.

Saa kumi na tatu

Jimbo la New York linatoa mfano unaoonyesha jinsi sheria inavyoweza kuingia hadi usingizini. Kwa tafsiri ya idara ya kazi ya jimbo, mhudumu wa zamu ya saa 24 anaweza kulipwa saa 13 tu, iwapo amepewa saa nane za kulala, tano kati yake mfululizo bila kuamshwa, na saa tatu za kula. Wahudumu walieleza mahakamani kwamba mzee anayehitaji mtu usiku kucha hampi mtu huyo saa tano mfululizo: kuna kugeuzwa kitandani, kuna choo, kuna kuchanganyikiwa saa nane za usiku. Machi 2019 Mahakama ya Rufaa ya jimbo hilo ilikubali tafsiri ya idara, huku ikiacha wazi njia ya mhudumu kudai saa zote ikiwa usingizi huo hakuupata. Kuthibitisha kwamba uliamshwa ni kazi nyingine, nayo haina posho.

Hapa ndipo hojaji na daftari la mishahara vinapokutana. Kauli ya kwamba mtu huamka asubuhi akiwa amechoka hata kabla ya kuanza siku mpya ya kazi inachukulia kwamba jana kazi ilikwisha. Mhudumu wa zamu ya saa 24 anayejibu ndiyo hasemi habari za moyo wake peke yake. Anasema pia habari za saa 11 ambazo hazikuandikwa popote.

Mwezi Julai 2025 Wizara ya Kazi ya Marekani ilitangaza pendekezo la kuifuta kanuni ya mwaka 2013 na kuirudisha tafsiri ya mwaka 1975.