Watu wa Majengo walifika Ngong kabla Nairobi haijazaliwa

Kuna kauli moja hapa mtaani imenichosha: "Kupanda milima ni mambo ya wazungu." Sasa ukisema unaenda siku ya mvua, wasee wa base wanakuona umerukwa kabisa. Leo naibomoa hiyo kauli kwa historia. Chuo niliacha, vitabu sikuacha.

Chukua Ngong. Kwa mtu wa Pumwani hakuna mlima rahisi kuliko huo. Unashuka tao, unapanda matatu ya 111, unalipa getini, unafuata njia ya mgongoni. Kilele kiko karibu mita 2,460, lakini gari limeshakubeba sehemu kubwa ya huo mwinuko. Mwezi wa nne tulienda vijana sita kutoka Majengo, mvua ikinyesha. Udongo unateleza, ukungu unafunga, upepo wa Bonde la Ufa unakata masikio. Viatu vyenye meno, koti, hatua fupi fupi. Basi. Tulimaliza wote tukicheka.

Sasa sikia. Mwaka 1883, miaka 16 kabla reli haijafika Nairobi, msafara wa Joseph Thomson kutoka Uskoti ulipiga kambi karibu na vilima hivyo, mahali palipoitwa Ngongo Bagas. Thomson hakuvumbua njia. Alikuwa ameungana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara Mswahili wa Pangani, aliyeijua nchi ya Wamaasai kabla yake. Wapagazi walibeba nguo, shanga na waya, mzigo wa karibu kilo 30 kwa kila mtu. Hapo Ngong walinunua chakula kwa Wakikuyu kabla ya kuendelea. Na Wamaasai walikuwa wakilisha ng'ombe huko kitambo.

Nairobi ilipoanza kukua, watu wa misafara na biashara ya Pwani walikuwa kati ya wakazi wake wa kwanza. Vijiji vyao viliitwa majina kama Pangani na Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakoloni wakaanzisha Pumwani, ndiyo wawakusanye Waafrika mahali pamoja. Hao ndio wazee wetu, wana wa watu waliotembea.

Nani basi alitutoa mlimani? Kipande. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kukibeba, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kibati. Askari akikusimamisha, unakitoa, unajieleza. Wakati huo huo wazungu walikuwa wanazunguka Ngong kwa raha zao. Denys Finch Hatton alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1931, alizikwa huko huko vilimani. Babu wa Majengo naye, akitoka tu mtaani, anaulizwa anaenda wapi na kazi yake ni gani.

Miguu tulikuwa nayo. Tulichonyimwa ni ruhusa ya kutembea bila sababu.

Kwa hivyo buda, ukiniambia mlima ni wa wazungu, unalinda sheria ya kipande iliyokufa kabla babako hajazaliwa. Mvua si kisingizio, wapagazi hawakuwa na hata koti. Nauli ya 111 unayo, na hakuna askari wa kukuuliza unaenda wapi. Akiuliza jirani, mwambie unaenda kutembea tu.