Bakteria Wachaguapo Sukari

Katika utumbo wako, ewe msomaji, wamo bakteria waitwao Escherichia coli. Ni wadogo mno, hata ukiwapanga 500 mmoja nyuma ya mwingine, mstari wao wapata kama milimita moja tu. Wengi wao hawatudhuru. Tena ndio waliowafundisha wataalamu jinsi jeni zinavyofungwa na kufunguliwa, na habari yenyewe ilianza kwa jambo la chakula.

Huko Paris, Jacques Monod alikuwa akiwalisha bakteria sukari za aina mbili zilizochanganywa pamoja. Akaona ajabu. Bakteria walizaana upesi huku wakila glukosi peke yake. Ilipokwisha wakasimama kitambo, kisha wakaanza kuila ile sukari ya pili na kuzaana tena. Aliyaandika hayo katika tasnifu yake ya mwaka 1941, mji ukiwa mikononi mwa majeshi ya Ujerumani, naye katika miaka hiyo ya vita alikuwa miongoni mwa waliopigana nayo kwa siri.

Jiulize nawe: kitambo kile kilikuwa cha nini? Chukua mfano wa sukari ya maziwa. Kuila kwahitaji kimeng'enya maalumu cha kuikata. Jeni ya kukitengeneza bakteria anayo siku zote, lakini karibu haitumiki kabisa mpaka sukari hiyo ifike. Ni nini basi kiizuiacho?

Vita vilipokwisha, Monod alipata mwenzi katika Taasisi ya Pasteur, François Jacob. Huyu alikusudia kuwa daktari mpasuaji, ila alijeruhiwa vibaya huko Normandy mwaka 1944, na majeraha yakamfungia njia hiyo. Nathubutu kusema kwamba hasara ya hospitali ilikuwa faida ya elimu. Mwaka 1961 wawili hao walitoa hoja kwamba iko jeni nyingine ambayo kazi yake ni kutengeneza kizuizi, nacho hukaa mwanzoni mwa zile jeni za sukari ili zisisomwe. Sukari ya maziwa ifikapo, kitu kitokanacho nayo hukishika kizuizi, nacho kikaachia. Mwaka 1965 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na André Lwoff, hali kizuizi chenyewe hakuna mtu aliyekuwa amekitia chupani!

Kukipata ilikuwa kazi ngumu, maana bakteria mmoja huwa na vizuizi kama kumi tu. Walter Gilbert na Benno Müller-Hill, katika Chuo Kikuu cha Harvard, walikitenga mwaka 1966. Jacob na Monod walikuwa wamedhani huenda ni RNA. Kumbe ni protini.

Lakini protini yapatambuaje mahali pake katika uzi wa DNA wenye jozi za herufi zaidi ya milioni nne? Haina haja ya kuufumua. DNA ni kama ngazi iliyosokotwa, na ubavuni mwake mna mfuo. Sehemu ya protini huingia mfuoni ikazipapasa herufi, mfano wa kipofu asomaye kwa vidole. Tena kizuizi hiki kina kama mikono miwili: huweza kuishika DNA mahali pawili kwa mara moja, na uzi ulio katikati ukajikunja kuwa kitanzi. Hapo hushika kwa nguvu zaidi.

Iko protini ya pili, iitwayo CAP, ambayo kazi yake katika jeni hizi ni kinyume cha hiyo. Glukosi ikipungua, ndani ya bakteria huongezeka kemikali iitwayo AMP ya mviringo, nayo huungana na CAP. Ndipo CAP huikamata DNA karibu na mwanzo wa jeni na kuikaribisha mashine isomayo. Mwaka 1991 Thomas Steitz na wenzake walichapisha umbo lake, lililopatikana kwa kupitisha eksrei katika fuwele. DNA, ambayo wanafunzi huichora imenyooka kama mlingoti, ilikuwa imepindwa kiasi cha digrii 90, kama kiwiko cha mkono.

Sasa kirudie kile kitambo cha Monod. Glukosi ikiwapo, CAP hulegea, tena mlango wa kuingizia sukari ya maziwa hufungwa, hivyo kizuizi hubaki mahali pake. Glukosi ikiisha, mlango hufunguka, kizuizi huachia, CAP huipinda DNA, na kimeng'enya huanza kutengenezwa. Kazi hiyo huchukua dakika nyingi, na muda wote huo bakteria hungoja.