Makocha wa Eugene

Eugene ni mji wa chuo kikuu katika jimbo la Oregon, magharibi mwa Marekani. Tangu 1904 hadi 1998, ukiacha msimu mmoja wa kocha mshikizi, timu ya riadha ya wanaume ya chuo hicho iliongozwa na watu watatu tu. Wote waliitwa Bill, na kila mrithi alikuwa amefunzwa na yule aliyemtangulia.

Wa kwanza ni Bill Hayward. Mji ulimpenda hata uwanja ukapewa jina lake mwaka 1919, naye yu hai na yu kazini. Alifundisha hadi 1947, mwaka aliofariki. Miongoni mwa vijana wake alikuwamo Bill Bowerman, mchezaji wa mpira wa Kimarekani ambaye Hayward alimfundisha kukimbia upya.

Bowerman alifundisha sekondari huko Medford, akapigana vita Italia, na mwaka 1948 akarudi Eugene kushika nafasi ya mwalimu wake. Zama hizo makocha wengi waliamini kwamba anayeteseka zaidi mazoezini ndiye atakayeshinda. Yeye aliamuru siku ya mazoezi magumu ifuatwe na siku ya mepesi, kwa kuwa mwili hujijenga unapopumzika. Alikwenda New Zealand, akamkuta kocha Arthur Lydiard amewazoesha raia wa kawaida, wazee kwa vijana, kukimbia polepole kwa ajili ya afya, akairudisha desturi hiyo Oregon. Viatu vya wanariadha wake alivitengeneza kwa mikono yake, na mwaka 1964 aliungana na Phil Knight, aliyekuwa mkimbiaji wake, kuanzisha kampuni ambayo leo ni Nike. Timu yake ilitwaa ubingwa wa vyuo mwaka 1962, 1964, 1965 na 1970.

Mwaka 1973 alimwachia msaidizi wake, Bill Dellinger, mshindi wa medali ya shaba ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Tokyo ya 1964. Dellinger aliishika kanuni ya mwalimu wake. Wakimbiaji Steve Prefontaine na Alberto Salazar walipita mikononi mwake, na vikombe vya mbio za nyika vikaja 1973, 1974 na 1977. Ubingwa wa uwanjani alioupata 1984 ndio uliokuwa wa mwisho kwa wanaume kwa miaka 30.

Dellinger alipostaafu 1998, chuo kiliajiri mtu wa nje, Martin Smith, aliyejipatia sifa ya mbio za nyika Wisconsin. Alitafuta alama katika kila mchezo, mitupo na miruko ikiwamo, na wapenzi wa mbio ndefu wakanung'unika. Aliondoka 2005. Vin Lananna, aliyewahi kung'ara Stanford, akakabidhiwa timu ya wanaume pamoja na ya wanawake, ambayo hadi 2003 ilikuwa na kocha wake, Tom Heinonen.

Mwaka 2012 Lananna alimpisha msaidizi wake, Robert Johnson. Wanaume wakawa mabingwa wa uwanjani 2014 na 2015. Mkenya Edward Cheserek akakusanya mataji 17 ya vyuo. Wanawake nao, katika mwaka wa masomo wa 2016/17, wakatwaa ubingwa wa nyika, wa ukumbini na wa uwanjani, jambo ambalo hakuna timu ya wanawake iliyokuwa imelifanya. Hata hivyo, 2022 mkataba wa Johnson haukuongezwa.

Nafasi yake ilichukuliwa na Jerry Schumacher, aliyetoka kufundisha klabu ya wanariadha wa kulipwa inayoitwa kwa jina la Bowerman. Hakuwahi kuwa mkimbiaji wa Oregon. Alikuwa mkimbiaji wa Wisconsin, chini ya Martin Smith, na Smith alipohamia Eugene 1998, Schumacher ndiye aliyerithi timu ya nyika aliyoiacha. Kwa hiyo yule aliyenung'unikiwa kama mgeni naye ameacha mrithi Eugene, kwa njia ileile waliyopita akina Bill: kocha humfunza mkimbiaji, mkimbiaji akaja kuwa kocha.