Nani Anaushika Waya wa GPS

Mimi ni fundi wa vyombo vya elektroniki vya meli na mashua hapa Mombasa. Katika yote yaliyopita mikononi mwangu, ninachokithamini zaidi hakishikiki: ni programu ndogo iitwayo gpsd.

Kabla yake, kwenye kompyuta kipokezi cha GPS kilikuwa na msikilizaji mmoja tu. Kanuni ya NMEA 0183 ilitoka mwaka 1983, nayo inakitaka kipokezi kitoe mistari ya herufi za kawaida, kila mstari usizidi herufi 82, kwa mwendo wa biti 4800 kwa sekunde. Hizo ni herufi 480 hivi. Mstari huanza kwa alama ya dola, kisha jina la aina yake, kwa mfano GPRMC, kisha saa, latitudo, longitudo, mwendo wa chombo. Fundi anausoma kwa macho yake mwenyewe, na uwazi huo naupenda mpaka leo. Shida ilikuwa waya. Antena inataka kuona anga, lakini kebo ya siriali ya RS-232 kwa desturi haivutwi zaidi ya mita 15. Tena, programu mbili zikiisoma poti moja ya siriali kwa pamoja, kila moja huokota vipande, na hakuna inayopata mstari mzima.

Katikati ya miaka ya 1990 Remco Treffkorn akaandika jibu: programu moja iishike poti peke yake, na nyingine zote ziiulize kupitia mtandao, lango namba 2947. Ramani huku, daftari la safari kule, hata kompyuta ya sitaha nyingine, zote zikahudumiwa na kipokezi kimoja. Siku hizo uliandika herufi p, ukajibiwa mahali ulipo. Russ Nelson aliitunza kwa muda. Tangu 2004 Eric S. Raymond na wenzake wakaifundisha kutambua yenyewe aina ya kipokezi na mwendo wake. Alfabeti ilipokaribia kuisha kwa amri za herufi mojamoja, wakahamia muundo wa JSON, karibu na mwaka 2010.

Kwa kawaida gpsd husikiliza kompyuta yake tu. Anayetaka kuifungulia mtandao mzima lazima aiambie kwa chaguo la -G, na nadhani wamefanya vyema: mahali alipo mtu si habari ya kuachwa wazi.

Lakini msemaji akiwa mmoja, kosa lake huwafikia wote. Matoleo ya 3.20 hadi 3.22 yalikuwa na hitilafu katika hesabu ya wiki, ambayo GPS huitumia kutaja tarehe: tarehe 24 Oktoba 2021 yangeirudisha kalenda nyuma wiki 1024, hadi Machi 2002. Seva zinazochukua saa kutoka kwa GPS zingewapa wateja wake tarehe hiyo. Toleo la 3.23 lilitoka Agosti mwaka huo, likiwa na marekebisho. Kazi iliyobaki ilikuwa ya sisi mafundi: kuingia mashine moja baada ya nyingine, kutazama namba ya toleo, na kubadilisha, tukianza na zile zinazogawa saa.